Bwawa la Mwalimu Luvanda na Waliokaa Chini Yake

Siku ya kuniaga ofisini Iringa, kijana mmoja wa kitengo chetu aliniuliza mbele ya watu, "Mama, katika miaka yako yote, bwawa gani lilikutisha kuliko yote?" Walitegemea nitaje yale makubwa, yenye zege, uzio na walinzi. Nikasema bwawa la Mwalimu Luvanda. Wakacheka, kwa sababu wengi wao wamekwenda pale Jumapili kula samaki. Sikupata nafasi ya kueleza. Keki ilikuwa inasubiri kukatwa na mkubwa wetu alikuwa na safari. Naeleza sasa, nikiwa nyumbani Tukuyu ambako mvua imenifungia ndani, na kwa sababu ninyi mliobaki ndio mtakaopigiwa simu siku nyingine.

Nilianza kazi nikiwa na cheti cha fundi sanifu, kalamu nne mfukoni na viatu vya ngozi alivyoninunulia baba. Sisi Wanyakyusa tumezaliwa katikati ya maji. Yanatoka mlimani, yanapita nyuma ya nyumba, hakuna anayeyawekea ukuta. Iringa nilikuta watu wanalundika udongo ili kuzuia mvua ya miezi michache iwafikishe mwisho wa kiangazi, na kazi yangu ilikuwa kuhakikisha lundo hilo halikimbii na maji yake.

Nilikabidhiwa kwa Mzee Kikoti. Alikuwa Mhehe wa Kalenga, mfupi, mwenye kofia ya sufu ambayo hakuivua hata jua la Oktoba lilipokuwa linatuunguza. Hakuwa na shahada. Alianza kama kibarua wa kushindilia udongo, akapanda hadi ikawa wahandisi wanachora halafu wanamtafuta yeye aangalie mchoro. Siku yangu ya kwanza alinipeleka kwenye lambo dogo la kunyweshea ng'ombe, mbele kidogo ya Ipogolo. Tulilizunguka mara tatu. Kwanza tulipita juu ya tuta, tukiangalia kama mgongo wake umenyooka au umebonyea. Kisha tukapita upande wa maji, tukitafuta mahali mawe yameporomoka. Mara ya tatu tukashuka chini kabisa, kwenye unyayo wa tuta, upande usio na maji.

"Vua viatu," akaniambia.

Nilidhani ananitania, kama wazee wa ofisini wanavyowafanyia wageni. Nikaangalia viatu vyangu, nikamwangalia yeye. Alikwisha kuvua vyake.

"Majani yanaficha," akasema. "Mguu utasikia baridi kabla jicho halijaona maji. Twende."

Tulitembea peku kutoka mwanzo hadi mwisho wa tuta. Ilikuwa kiangazi, majani yote yamekauka, lakini mahali pamoja palikuwa na mstari wa kijani usiozidi upana wa mkeka. Nilipokanyaga pale, ubaridi ukanipanda hadi gotini. Mzee Kikoti akachimba kishimo kwa kisigino, akasubiri kijae, akachota maji kwa chupa ya kioo na kuiinua juani.

"Linavuja, Mzee," nikasema kwa hofu.

"Mabwawa ya udongo yote yanavuja. Ukiona lisilovuja, hujaangalia vizuri. Tazama hii chupa. Unaona nini?"

"Maji tu. Masafi."

"Sawa. Hili linavuja maji. Siku likianza kuvuja udongo, jua bwawa lenyewe ndilo linatoka, kidogo kidogo. Hapo usimalize hata chai yako."

Vifaa vyetu vilikuwa hivyo: chupa, ndoo ya lita kumi na saa ya mkononi ya kupimia maji yanatoka kwa kasi gani, fimbo ya chuma ya kuchoma ardhini, kamba yenye mafundo ya kupima kina, panga. Levo, ile darubini ya kupimia usawa wa ardhi, tulikuwa nayo moja, na tuliigombania na kitengo cha mifereji. Baadaye zilikuja kompyuta, kisha ndege ndogo isiyo na rubani ambayo mnaipenda ninyi. Sina ugomvi nayo. Inapiga picha nzuri sana za mahali pa kwenda kuvua viatu.

Miaka ya katikati nilihamishiwa Mbeya nikashughulikia malambo ya Usangu. Huko nilikutana na familia za wafugaji waliohamia kutoka kaskazini, na ninakiri nilikwenda na maneno niliyoyasikia ofisini, kwamba ng'ombe wao wanaua kila tuta. Mzee mmoja wa Kisukuma, jina lake Masanja, alinipokea kwa kiti na maziwa mgando, akanionyesha lambo lake. Alikuwa amelizungushia miba pande zote na kuacha mlango mmoja, mbali na tuta, uliotandikwa mawe. Kila ng'ombe alijua pa kupita. "Tuta ni kama mtoto mchanga," aliniambia, "halina wa kulisemea." Nilijifunza kwake kwamba mwenye bwawa anayelipenda ni mkaguzi bora kuliko mimi ninayefika mara moja kwa mwaka. Niliporudishwa Iringa nilirudi na somo hilo, na nadhani nililielewa vizuri kupita kiasi, kama mtakavyoona.

Mwalimu Luvanda alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi katika kijiji kimoja nje ya Mafinga. Alipostaafu, wenzake walifungua maduka au walipanda miti ya mbao. Yeye akatengeneza ziwa. Alikuwa na bonde jembamba kwenye shamba la ukoo, akalifunga kwa tuta la udongo lenye kimo cha nyumba ya ghorofa moja, maji yakajaa nyuma yake karibu eneo la viwanja viwili vya mpira. Hakukusudia kumwagilia wala kunywesha mifugo. Alitaka watu wapumzike.

"Watu wa hapa wakitoka kanisani wanakwenda wapi?" alituuliza mimi na Mzee Kikoti siku ya kwanza. "Baba anakwenda baa, mama anakwenda jikoni. Nimetaka mahali watakapokaa pamoja, watoto wakatupa mawe kwenye maji, basi."

Na kweli walikuja. Zilikuja kwaya za Walutheri na za Wakatoliki, na harusi zilizotaka picha. Mafundi seremala wa Mafinga walimtengenezea mitumbwi miwili ya mbao za msindano, mizito kiasi kwamba kupiga makasia ilikuwa adhabu, lakini watu walipanga foleni.

Mzee Kikoti alilizunguka bwawa lile mara tatu, peku, kimya. Halafu akamshika Mwalimu mkono. "Nani alikushindilia udongo?"

"Mimi mwenyewe, na trekta la kuazima. Tabaka kwa tabaka. Kila tabaka nililimwagia maji, nikalikanyaga hadi kisigino kisiingie. Nilisoma kwenye kitabu."

"Umesoma vizuri," akasema Mzee Kikoti. Kwa yule mzee, hiyo ilikuwa sawa na kupigiwa mizinga.

Alikuta kasoro mbili tu. Ya kwanza ilikuwa kwenye utoro, ile njia iliyochimbwa pembeni ya tuta ili mvua ikizidi maji yatoke kwa usalama. Mwalimu alikuwa ameuziba kwa wavu wa kuku.

"Samaki wataondoka," alijitetea.

"Waache waondoke. Wavu utashika majani, majani yatashika maji, maji yatapanda juu ya tuta. Samaki mtapata wengine."

Wavu ukatolewa siku hiyohiyo. Kasoro ya pili ilikuwa ngumu zaidi. Mwalimu na mkewe walikuwa wamepanda milingoti, yaani mikaratusi, kumi na minne juu ya tuta, mwaka ule maji yalipojaa mara ya kwanza. Mkewe alifariki miti ikiwa bado michanga. Mzee Kikoti alisema itazamwe kila mwaka, na ikifika unene wa paja ikatwe, kwa sababu mzizi wa mlingoti unatafuta maji, na ukifa ndani ya tuta unaacha bomba. Mwaka uliofuata akastaafu, akarudi Kalenga kulima alizeti, na bwawa lile likaachwa mikononi mwangu.

Nilimwomba Mwalimu ajaze chupa ya kioo kila asubuhi pale maji yanapochuruzika kwenye unyayo wa tuta, aiweke dirishani, aandike anachokiona. Nilitegemea atafanya wiki mbili. Alifanya kila siku, miaka yote. Alikuwa na madaftari ya mistari yenye safu za tarehe, mvua, kina cha maji na chupa. Na kwa kuwa alikuwa mwalimu hadi kwenye mifupa, maji aliyapa maksi. "Vizuri sana." "Vizuri." Siku moja, baada ya panya kuchimba karibu na pale anapochota, aliandika, "Wastani. Ajirekebishe." Nimefanya kazi na wahandisi ambao kumbukumbu zao zote hazifikii daftari moja la yule mzee.

Miti ilipofika unene wa paja nilikwenda kumwambia. Aliweka mkono kwenye gome.

"Huu tulipanda wa kwanza," akasema. "Nipe wiki moja, Fundi Atu."

Aliniita hivyo, Fundi Atu, kifupi cha Atuganile. Wiki ilipokwisha nilikuta kumi na minne yote iko chini. Alikata kwa mkono wake, hakutaka msumeno wa mashine. Sasa palibaki visiki. Visiki lazima ving'olewe na mizizi yake, halafu shimo lijazwe udongo wa mfinyanzi na kushindiliwa, vinginevyo mizizi inaoza ndani. Kumi na kimoja tuling'oa. Vitatu, upande wa kulia, vilikuwa vimeingia ndani sana, na kuving'oa kungelazimu kushusha maji. Pasaka ilikuwa imebaki siku tisa, na kwaya sita zilikuwa zimealikwa.

"Nifanyeje, Fundi?" akaniuliza. "Ukisema nishushe, nashusha leo."

Alisema hivyo. Nataka mlisome mara mbili. Aliniachia mimi niamue, nami nikamwona mzee ambaye ametoka kukata miti ya marehemu mkewe, nikamwonea huruma. "Tutavitoa kiangazi," nikasema. Kiangazi nilitumwa kwingine. Nikaandika kwenye daftari langu, daftari likaisha, nikaanza jingine. Kila mwaka nilipokwenda niliona nyasi nzuri upande wa kulia, chupa safi dirishani, na mwenye bwawa anayelipenda. Visiki vilikwisha kufunikwa na majani. Miaka saba nikapita juu yake nikiwa peku.

Simu ilikuja asubuhi moja ya Machi, baada ya mvua ya siku nne mfululizo. Nilikuwa nimeinua kikombe.

"Kamwene, Fundi," akasema Mwalimu. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, iliyonyooka. "Chupa ya leo nimeipa hafifu."

"Ina rangi gani?"

"Ya chai ya maziwa. Imetulia dirishani nusu saa, udongo umekaa chini, unene wa kidole. Na maji hayachuruziki tena, yanabubujika. Upande wa kulia."

Nilijua papo hapo ni nini. Sikuhitaji kufika. Nikauliza, "Umewaambia watu wa bondeni?"

Chini ya bwawa, kwenye lile bonde, kuna bustani ambazo huko wanaziita vinyungu, ambapo akina mama wanalima mboga na mahindi ya kiangazi, na mbele yake kuna nyumba kama ishirini na zahanati.

"Nilitaka kwanza wewe uje uone," akasema. "Nisije nikawatisha bure."

"Mwalimu, kata simu. Watoe sasa hivi. Wakinilaumu kwa kuwatisha bure nitafurahi sana."

Alichofanya nilisimuliwa baadaye. Mzee wa miaka sabini na kitu alikimbia hadi shule yake ya zamani, akachukua chuma, akapiga lile rimu la gari ambalo ndilo kengele, akapiga bila kupumzika hadi watu wakatoka majumbani. Nilipofika kutoka Iringa saa tatu, madarasa ya shule ile ya mlimani yalikuwa yamejaa watu, kuku na magodoro. Zahanati ilikuwa tupu. Kulikuwa na wazazi wawili waliojifungua jana yake, na mama mmoja, mwenyekiti wa kikundi cha vinyungu, alikuwa amewatoa yeye na wenzake kwa kuwabeba kwenye machela ya mablanketi, kisha akarudi kuhesabu nyumba moja moja kama kuna aliyebaki. Walimwita Mama Festo. Nilimkuta amesimama pembezoni mwa bonde, matope hadi magotini, kitenge kimekazwa kiunoni.

"Wewe ndiye wa maji?" akaniuliza.

"Ndiyo, mama."

"Hakuna mtu chini. Fanya kazi yako."

Kwenye unyayo wa tuta, upande wa kulia, palikuwa na jicho la maji upana wa sufuria, linachemka na kutema udongo mwekundu. Na juu ya tuta niliona lori dogo linarudi nyuma, limejaa udongo wa mfinyanzi, Mwalimu akiliongoza kwa mikono. Vijana kama kumi walikuwa tayari na makoleo.

"Msimwage!" nikapiga kelele. "Mwalimu, wasimwage!"

"Fundi, tunaziba!"

"Ukiziba hapa, maji yatatafuta pengine, na hutapaona hadi tuta lifunguke. Inatakiwa maji yatoke ila udongo ubaki. Nataka mchanga. Mchanga, halafu kokoto ndogo, halafu mawe. Viko wapi?"

Wakaangaliana. Mama Festo ndiye aliyejibu. "Kanisani. Wanajenga. Kuna lundo la mchanga na la kokoto."

"Ni mali ya kanisa," mtu akasema.

"Mzee wa kanisa yuko darasani na kuku wake," akasema Mama Festo. "Nitamwambia tukisharudi. Washeni gari."

Lori likamwaga udongo kando ya barabara, likaenda kanisani. Likafuatiwa na malori mawili ya mbao yaliyokuwa yanapita kuelekea Mafinga. Madereva waliposikia walishusha magogo na kugeuza bila kuuliza swali. Tulizungushia lile jicho viroba vya mchanga kama ukingo wa kisima, tukaweka ndani mchanga mkavu, juu yake kokoto, juu yake mawe. Mara ya kwanza nguvu ya maji ilitawanya mchanga wote. Tukaanza na kokoto, kisha mchanga, kisha kokoto tena. Nilikuwa nimepiga magoti ndani ya maji yale na mikono yangu ilikuwa inasikia tuta linatetemeka.

Wakati huo bomba la kutolea maji lilikuwa halifunguki. Valvu ilikuwepo, nzuri, lakini hakuna aliyeigusa kwa miaka, na kutu ilikuwa imeikamata. Hilo nalo lilikuwa kwenye fomu zangu kila mwaka: "Valvu ipo." Sikuwahi kuandika kama inazunguka. Fundi wa kiwanda kimoja cha mbao alikuja na mtungi wa gesi. Akaipasha moto, akaivalisha bomba refu la chuma kwenye shina, wanaume wanne wakaning'inia. Ikalia kama mnyama. Robo mzunguko. Nusu. Maji yakatoka kwenye bomba kwa kishindo, yakaingia mkondoni. Vinyungu vya akina mama, kabichi na maharage yote, vikafunikwa mbele ya macho yao. Mama Festo alitazama shamba lake likizama, kisha akanigeukia. "Ongezeni," akasema.

Saa kumi jioni kina kilikuwa kimeshuka kimo cha goti. Mwalimu alishuka na chupa yake, akachota juu ya yale mawe. Tukaitazama wote. Ilikuwa na ukungu kidogo. Baada ya saa nzima akachota tena. Safi. Alikaa chini kwenye matope akavua miwani, akalia bila kujificha, na wale vijana wa makoleo, ambao wengi wao aliwafundisha kusoma, walisimama kumzunguka wakiangalia pembeni.

Kabla ya kuandika ripoti nilipita Kalenga. Mzee Kikoti alikuwa anapukuchua mahindi. Nilimweleza yote, kuanzia Pasaka ile. Hakunikatiza.

"Vile visiki, umeviandika?" akauliza nilipomaliza.

"Bado."

"Utaviandika?"

"Nitaandika, Mzee."

"Basi andika kwanza, halafu ule. Usile kwangu kabla hujaandika." Akaniletea kigoda na kuniwekea taa ya sola, ingawa jua lilikuwa bado juu. Niliandika pale, mezani kwake, kwamba uamuzi wa kuacha visiki ulikuwa wangu. Nilipewa barua ya onyo, imo kwenye faili, mnaweza kuisoma. Imeandikwa kwa Kiswahili safi.

Wiki ile ile kulikuwa na mkutano wa kijiji katika darasa la Mwalimu la zamani. Alisimama mbele, pale aliposimama miaka mingi, lakini hakuegemea meza.

"Nilijenga bwawa lile ili watu wapumzike," akasema. "Niliwaza watakaokuja kutoka Mafinga na Iringa. Ninyi mnaolala chini yake sikuwauliza hata siku moja. Na siku ile nilipoona chupa, niliita ofisi kabla ya kuwaita ninyi. Naombeni radhi."

Nikasimama nami nikaeleza habari za visiki. Mzee mmoja mwenye nyumba bondeni akasema bwawa livunjwe, na alikuwa na haki. Ndipo Mama Festo akanyoosha mkono kama mwanafunzi.

"Mimi niliona siku mbili kabla," akasema. "Maji ya mkondo yalikuja mekundu kwenye kinyungu changu. Nikadhani ng'ombe wamevuka juu. Hata ningejua, ningemwambia nani? Namba ya Mwalimu sina. Namba ya huyu mama wa maji sina. Tunaotazama maji yale kila siku ni sisi, na hakuna aliyewahi kutuuliza yana rangi gani."

"Unataka livunjwe, Mama Festo?" akauliza mwenyekiti wa kijiji.

"Sitaki. Kiangazi tunalima kwa unyevu wake. Na watoto wangu wamekuzwa na samaki wake. Atengeneze. Lakini ufunguo wa ile valvu ukae kwetu, na chupa tujaze sisi."

Mwalimu alisema ndiyo kabla hajamaliza.

Kiangazi kile tulikausha bwawa tukachimba upande wa kulia. Chini ya kisiki cha pili nilikuta tundu lililonyooka, laini kama limepakwa mafuta, mzizi wenyewe umekwisha kuwa unga. Niliingiza mkono hadi begani na sikufika mwisho. Tuliondoa kila kitu hadi udongo mzima, tukajaza upya tabaka kwa tabaka, tukatandika mchanga na kokoto kwenye unyayo wote wa tuta. Mwalimu alikagua kila tabaka kwa kisigino chake. Masika yaliyofuata likajaa tena, na kwaya zikarudi.

Ukaguzi wangu wa mwisho kabla ya kustaafu nilikwenda pale. Akina mama watano wa kikundi wanapokezana zamu. Wanafungua na kufunga valvu kila mwezi, na wameipaka grisi nyeusi hadi nikachafua gauni. Namba za simu zimeandikwa kwa rangi kwenye ukuta wa zahanati. Mwalimu anatembea kwa mkongojo sasa, lakini alitusindikiza. Tulipomaliza nilitoa fomu, yeye akaomba kalamu. Mahali pa mmiliki aliacha jina lake. Mahali pa msimamizi wa bwawa, ambapo pia palikuwa na jina lake miaka yote, alichora mstari.

"Mama Festo, jina lako kamili nani?"

"La nini tena, Mwalimu?"

"Taja."

"Leokadia Mtavangu."

Akaliandika kwa mwandiko wake wa ubaoni, herufi kwa herufi, akamgeuzia fomu atie sahihi. Mama Festo alisoma karatasi yote kwanza, mbele na nyuma, bila haraka. Kisha akaniangalia.

"Sasa mtu wenu akija kukagua, mimi ndiye nitakayemzungusha?"

"Wewe, mama."

"Basi aje asubuhi. Mchana niko shambani."

Akatia sahihi, nami nikatia yangu chini ya yake. Kwa hiyo mkienda, vijana, nendeni asubuhi.